OCS hatoi kibali cha maandamano, kazi yake ni kupokea notisi

Mhariri,

Kila maandamano yanapotangazwa humu nchini, hakosekani mkubwa wa kusimama mbele ya kamera na kusema waandamanaji "hawana kibali". Vyombo vya habari hulibeba neno hilo lilivyo, na kufikia jioni hata watu wanaounga mkono maandamano huwa wanauliza kama kibali kilitoka. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako kueleza kwamba kibali hicho hakipo katika sheria ya Kenya, na kwamba anayekidai anaomba kitu kilichofutwa mwaka 1997.

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni urithi wa wakoloni wa mwaka 1950. Kwa miaka mingi ilidai leseni kwa kila mkutano wa hadhara, na wapinzani wa enzi ya chama kimoja wanajua leseni hizo zilivyotolewa kwa upendeleo. Mageuzi yaliyopitishwa kabla ya uchaguzi wa 1997 yaliondoa leseni. Kifungu cha 5 sasa kinamtaka mwandalizi amjulishe ofisa anayesimamia kituo cha polisi cha eneo husika, yaani OCS, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tarehe ya maandamano. Baadaye ikaja Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya kupinga jambo na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Hakuna mahali panaposema "akiruhusiwa".

Notisi yenyewe si kitu kigumu, lakini huharibika kwa mambo madogo. Sheria inataka majina kamili ya mwandalizi na anwani ya mahali anapopatikana, tarehe na saa, na mahali pa mkutano au njia itakayopitiwa. Kosa la kwanza ni kuandika jina la kundi peke yake, "Vijana wa Wadi Fulani", bila mtu. OCS huirudisha kwa haki kabisa, kwa kuwa kundi halina nyumba ambako jibu litapelekwa. Kosa la pili ni njia isiyoeleweka. "Kutoka stejini hadi ofisi ya gavana" haitoshi. Taja barabara moja baada ya nyingine, mahali pa kusimama kusoma maombi, na mahali pa kutawanyikia. Njia ikivuka mipaka ya vituo viwili, peleka notisi kwa ma-OCS wote wawili, maana yule wa pili ndiye atakayesema hakujua lolote. Kosa la tatu ni saa: maandamano lazima yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Notisi inayotaja "hadi saa mbili usiku" imejinyonga yenyewe.

Kuhusu siku 3, ushauri wetu ni kutohesabu siku ya kupeleka barua, siku ya kuandamana, Jumapili wala sikukuu yoyote iliyo katikati. Kwa hesabu hiyo, maandamano ya Jumanne yanataka notisi ifike Alhamisi ya juma lililotangulia, wala isiwe baada ya hapo. Afadhali uwe umewahi kwa siku mbili kuliko kubishana kwenye kaunta juu ya saa.

Kaunta ndipo notisi nyingi zinapofia. Askari wa zamu anaipokea, anaisoma, anasema "bosi hayupo", anaitia kwenye droo. Siku ya tukio, kituo kinasema hakikupata kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barua ni hivyo hivyo. Nenda na nakala tatu. Moja ibaki kituoni, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa pamoja na jina na nambari ya huduma ya aliyeipokea, ya tatu ikae kwa mtu mwingine asiyekuwa mwandalizi. Wakikataa kugonga mhuri, usigombane nao. Toka nje, andika hapo hapo saa, jina la kituo, nambari iliyo kwenye sare na maneno uliyoambiwa, shahidi uliyekwenda naye atie saini, kisha tuma notisi hiyo hiyo kwa barua pepe ya kituo au ya kamanda wa kaunti ndogo na kwa posta iliyosajiliwa. Risiti ya posta ni ushahidi mzuri kuliko kelele.

Sasa OCS anaweza kukataa kwa sababu gani? Akishapokea notisi, sheria inamtambulia sababu moja ya kusema tarehe hiyo haiwezekani: kwamba notisi nyingine ya mahali hapo hapo, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo ilitangulia. Hata hapo, anatakiwa amjulishe mwandalizi mara moja, kwa maandishi, katika anwani iliyotajwa. Akikupigia simu usiku wa kuamkia maandamano kusema "tumekataa", hajatimiza sheria.

Na hapa kuna jambo ambalo hata mawakili huligusia kwa nadra. Kifungu hicho hicho cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamwamuru OCS aweke rejista ya notisi zote alizopokea, na kinaiita rejista ya umma. Basi unapoambiwa "kuna mkutano mwingine uwanja huo", usiondoke. Omba kuiona rejista. Uliza notisi hiyo nyingine iliingia tarehe gani na ya nani. Mara nyingi mkutano huo mwingine haumo katika rejista, au uliingizwa baada ya wako. Haki ya kuandamana na haki ya kupata taarifa hukutana kwenye kitabu hicho kimoja, na tunaona ajabu kwamba watu hupigania ya kwanza barabarani wakaisahau ya pili iliyoko kwenye meza.

Haki hiyo ya pili iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba, na namna ya kuitumia imewekwa na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Tunaisisitizia kwa sababu maandamano yasiyo na karatasi hujibiwa kwa urahisi. Chukua zahanati ya wadi iliyokwama kwenye linta mwaka wa tatu sasa. Wananchi wakiandamana na mabango ya "Tunataka zahanati", waziri wa afya wa kaunti atasema fedha hazijatoka Nairobi na watu watarudi nyumbani. Wakija na mkataba mkononi, wakijua nambari ya tenda, kiasi kilichokwisha kulipwa na nani aliyetia saini kwamba kazi imefikia kiwango cha kulipwa, jibu hilo linakosa pa kusimama.

Maombi yanaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria inataja lugha zote mbili, kwa hiyo karani asikuambie ukatafsiri. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kueleza kwa mdomo na ofisa ayaandike kisha ampe nakala. Barua huelekezwa kwa ofisa wa kutoa taarifa, ambaye kwa mujibu wa sheria ni mkuu wa taasisi yenyewe isipokuwa kama amemteua mwingine. Huhitaji kueleza unataka taarifa kwa nini. Sheria inasema wazi kwamba haki yako haiathiriwi na sababu uliyotoa wala na sababu ambayo ofisa anadhania unayo. Ukiulizwa "unatumwa na nani?", jibu kwa adabu kwamba swali hilo halimo katika sheria. Kupeleka maombi hakulipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Kwa kuwa haki hii ni ya raia, andika kwa jina lako kamili na nambari ya kitambulisho, hata kama kazi ni ya kikundi.

Kinachoua maombi mengi ni upana wake. Mtu anaandika "naomba taarifa zote za matumizi ya fedha za kaunti tangu ugatuzi uanze". Ofisa anafurahi, kwa sababu hapo ana kisingizio cha kusema haelewi kinachotakiwa. Wengine huuliza maswali ya hasira, "kwa nini mmekula pesa?", ambayo hayana hati ya kuyajibu. Omba hati kwa jina lake. Kwa ile zahanati, omba mkataba uliotiwa saini. BQ, yaani karatasi inayotaja kila kifaa, kipimo chake na bei yake. Vyeti vya malipo ya awamu pamoja na vocha zake. Ripoti za kamati ya ukaguzi na upokezi. Na barua yoyote ya kumwongezea mkandarasi muda. Taja wadi, mwaka wa fedha na jina la mradi kama lilivyo kwenye bajeti. BQ ndiyo hati inayoogopwa kuliko zote, kwa sababu inasema mifuko mingapi ya saruji ilipaswa kuingia kwenye ukuta ambao hata mpita njia anaona umejaa mchanga.

Tazama kwanza kama hati tayari imewekwa kwenye tovuti, kwa kuwa taasisi inaweza kukuelekeza huko badala ya kukupa. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na ripoti za utekelezaji wa bajeti hutoka kila robo mwaka.

Baada ya mhuri wa kupokelewa, saa inaanza kwenda. Taasisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, si zaidi ya siku 14, ikiwa hati ni nyingi au inahitaji kushauriana na wengine. Kama taarifa iko kwa taasisi nyingine, ina siku 5 za kuyahamisha maombi huko na kukujulisha. Ikinyamaza hadi muda ukaisha, sheria inahesabu kwamba imekataa, na hapo usikae ukingoja huruma. Una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanayoijua kama ofisi ya Ombudsman. Ambatanisha nakala yenye mhuri. Bila hiyo Tume haina pa kuanzia kuhesabu. Asiyeridhika na amri ya Tume ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Hesabu hizi zina maana kwa wanaopanga maandamano. Bajeti ya kaunti hujadiliwa Mei na Juni. Ukitaka kufika kwenye lango la bunge la kaunti mwezi Mei ukiwa na hati mkononi, barua ya kuomba taarifa itoke mwanzo wa Machi. Vikundi vingi huandika barua baada ya maandamano, wakati bajeti imekwisha kupita.

Wanaosema njia hii ya karatasi ni ya kupoteza muda waangalie yaliyotokea Mombasa. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba makasha yote kutoka bandarini yasafirishwe kwa reli ya SGR. Malori yakasimama, na kukawa na maandamano mjini siku za Jumatatu. Lakini zaidi ya kuandamana, watu waliuliza: mkataba wa reli hiyo unasema nini hasa hata bandari ibanwe namna hii? Wanaharakati Khelef Khalifa wa Mombasa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba kwa barua, wakanyimwa, wakaenda kortini. Serikali ilijitetea kwa kifungu cha usiri kilichomo ndani ya mikataba yenyewe. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba itolewe, na Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka hadharani mikataba ya mkopo na benki ya Exim ya China. Ndipo Wakenya wakasoma kwa macho yao kwamba mzozo wowote juu ya mkopo huo ungeamuliwa Beijing kwa sheria za China. Hakuna bango lililoweza kufichua hilo. Wala, tuseme kweli, barua peke yake isingepata uzito bila watu waliokuwa wamejaa barabarani.

Kipo kipengele kimoja cha Sheria ya Kupata Taarifa ambacho kila familia inapaswa kukijua. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda wa kujibu si siku 21 bali saa 48. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, watu wamechukuliwa na waliojiita polisi, wakiwa kwenye magari yasiyo na alama, na jamaa zao wakazungushwa kituo hadi kituo. Mtu wako akichukuliwa, mbali na kwenda kituoni kuuliza kama jina lake limo kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, andika barua siku hiyo hiyo kwa OCS na kwa Inspekta Jenerali: jina, saa na mahali alipochukuliwa, maelezo ya gari, na swali moja, "Je, mnamshikilia, na wapi?" Taja saa 48. Wakati huo huo wakili aombe mahakama iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Barua yenye mhuri isiyojibiwa humsaidia wakili huyo kuonyesha kwamba polisi waliulizwa wakanyamaza. Katiba nayo, katika Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti inayofuata kama muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Kama kosa analodaiwa adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6, hapaswi kuwekwa rumande. Na dhamana ya fedha taslimu ikilipwa kituoni lazima itolewe risiti ya serikali. Bila risiti, hiyo si dhamana.

Siku ya maandamano yenyewe, mwandalizi au mtu aliyemteua analazimika kuwepo mwanzo hadi mwisho. Polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu, au OCS mwenyewe, anaweza kusimamisha maandamano ikiwa kuna hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjwa amani. Wahuni wanapojipenyeza kupora maduka, wasimamizi wenu wawaonyeshe polisi ni nani, na mtu mmoja apewe kazi ya kuandika saa na mahali. Askari aliyevaa sare anapaswa, kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kuwa na jina au nambari yake mahali panapoonekana. Agosti 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri inayosisitiza hilo hilo, pamoja na kutoficha nyuso. Picha ya askari bila nambari ina thamani kama picha ya askari mwenye nambari, ilimradi ionyeshe saa na mahali. Hifadhi faili asilia kwenye simu. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizomo ndani yake; itume kama hati. Aliyeumizwa aandikishe kisa kwenye OB, achukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, na ajaziwe na daktari majeraha yakiwa mabichi.

Tunajua kizazi kilichojaza barabara 2024 kinajivunia kutokuwa na kiongozi, na kwamba jina kwenye notisi linaweza kumletea mtu wageni usiku. Hofu hiyo si ya kubuni. Julai 2024 kaimu Inspekta Jenerali alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi akitoa sababu kwamba hayakuwa na viongozi wa kuzungumza nao. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba ambao Kenya iliukubali 1972, ilieleza mwaka 2020 kwamba kukosa kutoa notisi hakufanyi mkusanyiko wa amani kuwa haramu na si sababu ya kuutawanya. Maandamano yanayozuka ghafla, mtu akiuawa leo na watu wakitoka kesho, hayawezi kungoja siku 3. Msimamo wetu ni kwamba palipo na nafasi ya kupanga, notisi itolewe, na isainiwe na watu kadhaa badala ya mmoja. Inawanyima polisi kisingizio cha bei rahisi.

Kinachotushangaza ni kwamba wabunge, wakiiona Sheria ya Utulivu wa Umma, yenye rejista isiyotunzwa na vitambulisho visivyovaliwa, wameona kasoro yake ni kuwa imewapa wananchi nafasi kubwa mno. Mswada wa 2025 wa Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi ulitaka kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, korti na maeneo mengine yaliyolindwa. Tunauliza: maombi ambayo Kifungu cha 37 kinasema yanaweza kuwasilishwa kwa mamlaka za umma yatawasilishwa vipi kutoka upande wa pili wa barabara? Na mwaka huo huo, tarehe 25 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza runinga na redio ziache kurusha maandamano moja kwa moja na ikazima mitambo ya vituo kadhaa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia.

Mhariri, gazeti lako linaweza kusaidia kwa jambo moja dogo. Polisi watakaposema tena kwamba maandamano fulani hayana kibali, mwandishi wako aulize maswali mawili kabla ya kuandika: notisi ilipokelewa lini, na je, anaweza kuiona rejista? Jibu, au kukosa jibu, lichapishwe pamoja na habari.

Na kwa msomaji aliyenyimwa haki zote mbili, ya kuandamana na ya kupata taarifa, Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu kwenda Mahakama Kuu bila kulipa ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, hata kwa barua ya kawaida iliyoandikwa kwa mkono. Aende na nakala zake zenye mihuri.

Wasomaji wako,
Mombasa